Theluji Ina Saa Zake: Mwongozo kwa Mtu wa Goma Anayehamia Mji wa Baridi

Kuna asubuhi ambazo mawingu huondoka mapema, na watu wa Goma wakaamka wakakuta kilele cha Karisimbi kimekuwa cheupe. Ni mvua ya mawe au theluji iliyoanguka usiku kule juu, kwenye mita 4,507, na jua likikaza inayeyuka. Tunaitazama tukiwa Himbi au Majengo, tunaipiga picha kwa simu, kisha kila mtu anashika shughuli yake. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo theluji yote tuliyowahi kuiona: iko mbali, haina baridi, haidai chochote.

Lakini siku hizi ni vigumu kupata parsele ya Goma isiyo na mtu ng'ambo. Huyu amepelekwa Marekani baada ya miaka ya kambini Uganda au Rwanda, yule yuko Ubelgiji kwa shangazi yake, mwingine amepata shule Montreal. Na kila Desemba simu zinazoingia huwa na neno moja: "Mama, huku baridi iko mingi." Mama anajibu avae sweta. Sweta haitoshi, na ndiyo sababu ya makala hii. Nimechagua Montreal iwe mfano kwa kuwa Kifaransa huwapeleka wengi wetu huko, lakini mengi yaliyomo yanafaa pia kwa anayeelekea Chicago, Winnipeg au Oslo.

Uzuri wa majira ya baridi upo, tena mwingi. Ila hauonekani na mtu anayetetemeka, wala hauonekani na mtu aliyejifungia ndani tangu Novemba hadi Aprili akisubiri yaishe. Kwa hiyo tuanze na mwili, macho yatafuata.

Miguu kwanza

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hatuwezi kusema hatujui ubaridi. Aliyewahi kulala kwenye vibanda vya kilele cha Nyiragongo, mita 3,470, wakati njia ya kupanda ilipokuwa wazi, anakumbuka jinsi alivyovaa kila kitu alichobeba. Lakini usiku wa kawaida wa Januari mjini Montreal ni kama nyuzi 14 chini ya sifuri, na kuna siku hushuka kupita 25. Hapo tena si suala la uvumilivu. Ni suala la nguo gani imetangulia na ipi imefuata.

Koti moja zito halitoshi. Kinachokuhifadhi ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo, ndiyo maana watu wa huko huvaa tabaka. Ya kwanza, inayogusa ngozi, iwe ya sufu laini au ya kitambaa cha michezo. Pamba usiiweke hapo: hunywa jasho, na ikilowa inakupoza wewe mwenyewe. Ya pili ni sweta nene. Ya tatu izuie upepo na maji, ifunike makalio, iwe na kofia. Kichwani weka kofia ya sufu inayoshuka hadi masikioni. Mikononi, glavu zinazokusanya vidole vinne pamoja hutunza joto kuliko zile zinazokitenga kila kidole.

Viatu ndivyo vinavyowaangusha wageni, kwa maana zote mbili. Viwe vya kuzuia maji, vyenye soli laini yenye meno, na vikubwa kidogo kuliko namba yako ili soksi nene ipate nafasi. Kiatu kinachobana huzuia damu, na mguu usiopata damu huganda hata ndani ya kiatu cha bei kubwa.

Usijaze begi kwa makoti uliyonunua Goma. Kweli, katika mitumba ya soko la Virunga huonekana makoti mazito yaliyotoka huko huko unakokwenda, na ukipata zuri la kukufikisha, chukua. Hayo mengine utayakuta Montreal kwa bei nafuu, katika maduka ya mitumba kama Renaissance na Village des Valeurs. Koti la mtumba halina aibu, hata wenyeji hulipangia foleni. Kwa viatu tu ningekushauri ununue vipya, au uvikague kwa maji kabla ya kulipa.

Upepo unahesabiwa peke yake. Utabiri wa Kanada hutoa namba mbili: joto lenyewe, na jinsi ngozi inavyolihisi upepo ukivuma. Fuata ya pili. Ikifika 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kati ya dakika 10 na 30. Ikipita 40, ni dakika chache tu. Na hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya wazungu havilisemi vizuri. Wao huambiwa watazame ngozi iliyogeuka nyekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani kirahisi. Dalili za kushika ni ganzi, na sehemu ya ngozi kuwa ya kijivu au kama iliyopakwa nta, hasa ncha ya pua, masikio na vidole. Likitokea hilo, ingia ndani. Usisugue, usipake theluji, usiweke mkono kwenye moto, kwa sababu mkono wenye ganzi unaungua bila wewe kujua. Utumbukize katika maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, ambayo mtu mwingine ameyapima kwa kiwiko. Ganzi isipoondoka, nenda hospitali. Mkesha wa Krismasi wa 2016 wanaume wawili kutoka Ghana walivuka mpaka wa Marekani na Kanada kwa miguu, wakipita mashamba yenye theluji hadi kiunoni. Waliokoka, lakini walipoteza vidole.

Kutembea juu ya barafu nako kuna ufundi wake. Aliyekulia juu ya makoro, mawe meusi ya volkano yetu, ana vifundo imara vya miguu, na hiyo ni mali. Fupisha hatua, kanyaga kwa unyayo mzima, magoti yalegee, mikono itoke mifukoni. Barafu ya hatari zaidi haionekani, ni lami inayong'aa kana kwamba imelowa. Na usikanyage barafu ya ziwa au ya mto Saint-Laurent pasipo tangazo la wenye mamlaka kwamba imepimwa, hata ukiona wengine wanapita.

Mbabula ibaki Goma

Hili nalisema polepole. Mtu wa Goma anayajua mazuku: hewa nzito inayotoka ardhini na kujikusanya katika mabonde madogo, ikaua mbuzi, na mara nyingine mtoto aliyeinama kuchota kitu. Haina rangi, haina sauti. Mbabula, jiko letu la makala, ikiwashwa ndani ya nyumba iliyofungwa hutengeneza mazuku yake, na ni mbaya kuliko ya bondeni, kwani hiyo ya makala ni monoksidi ya kaboni, nayo huua kwa kiasi kidogo sana. Nyumba za Montreal zimezibwa vizuri kuzuia baridi. Hewa mbaya haina pa kutokea.

Kwa hiyo umeme ukikatika, usiwashe makala ndani, wala jiko la kuchomea nyama la barazani, wala jenereta. Usifungue oveni ya gesi upashe nyumba joto. Ukiwa na gari, futa theluji kwenye bomba la moshi kabla ya kuwasha injini, na usiwaache watoto ndani yake huku unafagia. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwapata watu wote wa nyumba kwa pamoja, tokeni nje hata kama ni baridi, halafu piga 911. Kigunduzi cha gesi hiyo huuzwa dukani. Kiweke karibu na chumba cha kulala.

Giza la alasiri

Sisi tulizoea jua lenye adabu: linachomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, Januari hadi Desemba. Montreal, katikati ya Desemba, jua huzama saa kumi na robo alasiri. Mwanafunzi anatoka darasani usiku umekwisha kuingia. Wengi hudhani wamerogwa na upweke, kumbe sehemu yake ni mwanga tu uliopungua. Huzuni ya majira inajulikana kwa waganga na ina tiba. Toka nje mchana, walau nusu saa, hata kama anga ni la kijivu. Muulize daktari juu ya vitamini D, kwani ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuitengeneza na jua la Januari halitoshi. Ikiwa wiki mbili zimepita huna hamu ya kula wala ya watu, piga 811, simu ya afya na ustawi ya Quebec inayopokelewa usiku na mchana.

Dawa nyingine ni watu. Goma mlango wa parsele hauna saa, jirani huingia kuomba chumvi akakaa hadi chakula. Huko mlango umefungwa kwa sababu ya joto, na hakuna atakayekuja usipomwalika. Alika. Pika sombe, majani yake huuzwa yakiwa yamegandishwa katika maduka ya Kiafrika, na mwite hata yule Mkongo wa Kinshasa asiyejua Kiswahili. Tafuta kwaya. Wanakwaya wana sababu ya kutoka nyumbani jioni ya theluji, na hilo peke yake ni nusu ya kupona.

Saa za kutoka

Sasa umevaa, miguu ina joto. Theluji ina saa zake, na anayezijua haoni ile wanayoiona wengine.

Saa ya kwanza ni usiku inapoanguka bila upepo. Toka baada ya chakula, simama chini ya taa ya barabarani, tazama juu. Halafu sikiliza. Theluji mbichi sehemu yake kubwa ni hewa, na vishimo vyake vidogo humeza sauti. Mji wenye mamilioni ya watu hunyamaza kwa namna ambayo Goma hainyamazi hata saa tisa usiku. Na usiku wenyewe hauwi mweusi: mwanga wa taa hurudishwa na ardhi, ukagonga mawingu, ukarudi tena, hata ukaweza kusoma barua.

Saa ya pili ni asubuhi inayofuata, kabla magari ya kufagia hayajapita. Siku za baridi kali Montreal mara nyingi huwa za jua, maana hewa kavu ya kaskazini hufukuza mawingu. Wageni wengi hawalijui hili, wanaona nyuzi 18 chini ya sifuri kwenye simu na kubaki kitandani, wakaikosa siku nzuri kuliko zote za mwezi. Vaa miwani ya jua. Tazama vivuli vya miti: ni vya buluu. Kivuli hicho hakipati mwanga wa jua lenyewe, kinaangazwa na anga. Mchoraji Claude Monet aliliona hilo na kulichora katika picha yake ya ndege juu ya uzio, ya 1868 na 1869, iliyoko leo Musée d'Orsay mjini Paris. Kwa sisi tuliozoea mji uliojengwa juu ya mawe meusi, kuona ardhi inayotoa mwanga badala ya kuumeza ni jambo la kusimama kidogo.

Jaribu na hili. Theluji ikianguka taratibu, nyosha mkono wenye koti jeusi. Chembe zitatua bila kuyeyuka, na kwa kioo cha kukuzia utaona nyota za pembe sita. Wilson Bentley, mkulima wa Jericho katika jimbo la Vermont, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Montreal, alianza kuzipiga picha Januari 1885 kwa kamera aliyoiunganisha na hadubini, na hadi mwisho wa maisha yake alikuwa na picha zaidi ya 5,000. Ndiye aliyeuambia ulimwengu kwamba hakupata mbili zilizofanana. Alikufa Desemba 1931 kwa homa ya mapafu, baada ya kutembea hadi nyumbani katika dhoruba ya theluji. Theluji haikumsamehe hata mpenzi wake mkubwa.

Kama huna kioo, tumia masikio na mikono. Joto likikaribia sifuri, theluji hushikana, hiyo ndiyo ya watoto kurushiana na kujengea sanamu. Baridi ikizidi, inakuwa unga usioshikana, na kila hatua inalia chini ya kiatu. Baada ya miezi michache utaweza kukisia baridi ya nje kwa mlio wa wapita njia.

Ukitaka mahali, anza na Mont Royal. Ni kilima cha mita 233 katikati ya mji, na bustani yake, iliyopangwa na Frederick Law Olmsted, ilifunguliwa 1876. Wenyeji wengi watakuambia kwamba ni volkano iliyolala. Mtu wa Goma ana haki ya kutabasamu hapo. Wanajiolojia wanasema ni magma iliyoganda chini ya ardhi bila kufika juu, kisha mmomonyoko ukaifunua baada ya mamilioni ya miaka. Kwa hiyo unaweza kuteleza kwa kigari cha plastiki juu ya moto uliozimika, jambo ambalo Nyiragongo, iliyotutoa mbio Januari 2002 na tena Mei 2021, haijatuahidi bado. Kando ya lac aux Castors, humo humo bustanini, viatu vya kutelezea juu ya barafu hukodishwa. Mitaani kuna viwanja vya barafu visivyo na malipo. Nenda na watoto, wao hujifunza kwa siku moja na hawaoni haya ya kuanguka.

Watoto, kwa kweli, ndio watakaokufundisha. Shule za Quebec huwatoa nje hata siku za baridi, isipokuwa ikizidi sana, kwa hiyo usimfiche mtoto wako nyumbani ukidhani unamlinda. Mnunulie suti nzima ya theluji, kofia na glavu mbili mbili, kwani moja itapotea.

Wakubwa wanaohisi kwamba haya ni mambo ya wazungu wamkumbuke Philip Boit, mwanariadha wa Kenya aliyepelekwa Finland akajifunze kuteleza kwa mbao za theluji. Katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri mwishoni akamkumbatia, na Boit akampa mwanawe jina hilo. Na kabla yake kulikuwa na Tété-Michel Kpomassie wa Togo, aliyesoma kitabu juu ya Greenland akiwa kijana, akaondoka kwao, na baada ya miaka ya kufanya kazi njiani akafika huko mwaka 1965. Kitabu chake cha 1981, L'Africain du Groenland, kimeandikwa kwa Kifaransa chepesi. Ningemshauri kila msafiri akisome kabla ya kupanda ndege.

Siku ambazo hazina uzuri

Tusidanganyane. Machi mjini ni mbaya. Theluji ya miezi yote inakuwa matope ya kijivu yenye chumvi ya barabarani, chumvi inakula viatu, na kila kona ina dimbwi linalosubiri basi likurushie maji. Futa viatu kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo kila ufikapo nyumbani. Faraja ya mwezi huo iko nje ya mji: usiku ukiwa wa kuganda na mchana wa kuyeyuka, maji matamu hupanda ndani ya miti ya mepo, na lita 40 hivi za maji hayo huchemshwa hadi kubaki lita moja ya sharubati. Wenyeji huimwaga moto moto juu ya theluji safi, ikaganda, ukaizungusha kwenye kijiti na kula. Mtoto wa Goma aliyetafuna miwa hatahitaji maelezo.

Mvua inayoganda ni kitu kingine. Inavisha kila tawi kioo, mji unang'aa kama kwenye hadithi, na waya za umeme zinakatika. Januari 1998 mvua ya namna hiyo iliwaacha mamilioni ya watu wa Quebec bila umeme, wengine kwa wiki kadhaa. Itazame kutoka dirishani. Weka nyumbani tochi, betri, maji, blanketi na chakula kisichopikwa.

Na baada ya theluji nyingi, usiku, utasikia king'ora cha sauti mbili kikizunguka mtaa. Najua moyo wa mtu aliyetoka kwetu hufanya nini akisikia king'ora usiku. Usishtuke: ni gari la manispaa linawaonya wenye magari wayaondoe, malori yaje yabebe theluji. Waambie na watoto kabla hawajalala.

Theluji ya kwetu nayo inapungua. Mwaka 1906 mpanda milima wa Kiitalia, Duke wa Abruzzi, alipofika kilele cha Margherita, mita 5,109, katika Ruwenzori, alikuta barafu pana kuliko hii iliyobaki, na mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu zilizosalia katika maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika huenda zikatoweka kufikia 2050. Mwenye nafasi ya kuiona, popote alipo, aitazame vizuri.

Ombi la mwisho ni kwenu mliotangulia. Mgeni wenu akitua Januari, mfuateni uwanja wa ndege na koti, kofia na viatu mkononi. Muulizeni namba ya mguu wake kabla hajaondoka Goma.